TAHADHARI: Kirikuu "haina tatizo", rivasi inasaga

Wakuu, mnaotafuta kirikuu, yaani Suzuki Carry, za manyuali huku Dar, kuna jamaa anatangaza mtandaoni, kaniingiza mjini mchana kweupe.

Tangazo lilisema "ni kuweka mafuta na kutembea", milioni 6.8. Nilipofika nikakuta gari imeegeshwa pua ikiangalia geti. Tukazunguka mtaani dakika kama saba, gia zote za mbele zikaingia vizuri. Kurudi nyuma hatukuhitaji popote. Niliposema nataka kujaribu rivasi, akanijibu, "Subiri kaka, ngoja nikutolee, hapo nyuma kuna mtaro." Akakaa kwenye usukani, akazima injini, akakanyaga klachi, akachomeka rivasi, ndipo akawasha. Gari ikashtuka kidogo, kisha ikatoka kimya. Mimi macho yote kwenye mtaro!

Injini ikizimwa na gari imesimama, ndani ya giaboksi hakuna kinachozunguka, kwa hiyo hata rivasi iliyolika meno inaweza kuingia bila kelele. Na kule kushtuka wakati wa kuwasha kulipaswa kunistua: klachi haikuwa inaachia hata ikikanyagwa mpaka chini.

Kesho yake asubuhi gia zilikuwa nzito balaa. Saa saba mchana, niko Kariakoo na mzigo, nataka kurudi nyuma kidogo: krrrrrr! Wabeba mizigo wote wakageuka. Fundi alipofungua nati ya kumwagia oili, ikatoka nzito kama asali, namba 140, wakati ilitakiwa 90, na chenga zinang'aa ndani. Oili nzito hupunguza kasi ya shafti, mlio unajificha. Ikipata moto inakuwa nyepesi, mlio unarudi. Giaboksi ya mtumba, klachi mpya na ufundi vimenila laki tisa.

Tusije tukaoneana lakini. Kwenye gari nyingi rivasi haina sinkronaiza (kifaa kinacholinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana) kama gia za mbele, ukiichomeka kwa pupa itakwaruza hata kwenye gari nzima. Kanyaga klachi mpaka mwisho, hesabu mpaka tano, au gusa namba moja kwanza, halafu weka rivasi. Ikisaga bado, klachi ndiyo mshukiwa wa kwanza: waya umelegea, au kwenye gari za klachi ya mafuta kuna hewa kwenye mfumo. Hayo hayana gharama kubwa, ila ukiendelea kuilazimisha unamaliza meno. Jaribio hilo fanya mwenyewe, injini ikiunguruma, gari ikiwa imetembea walau nusu saa. Muuzaji akikataa kukupa usukani, mshukuru uende zako.

Nilimpigia. "Kaka, gari si ulikagua mwenyewe?" Na kweli, karatasi ya mauziano inasema "kama ilivyo", saini yangu iko chini yake.

Juzi katangaza nyingine, nyeupe, ukuta ule ule wa bloku ambao haujapigwa lipu. Pua inaangalia geti.