Kozi ya bure kuhusu korona na ajira: nyota nne, na somo la tatu ndilo lililozibeba

Nimeimaliza juzi usiku. Ina masomo sita ya mtandaoni, na inaeleza yaliyowapata wafanyakazi wa nchi zinazoendelea wakati wa janga la korona. Nimeisoma yote kwenye simu, watoto wakishalala. Mimi si mchumi. Nimeshona kola za mashati kiwandani kwa miaka tisa, na maoni haya yanatoka hapo.

Naanza na somo la tatu kwa sababu ndilo lililonigusa. Mwaka 2020 wanunuzi wa ng'ambo walipofuta oda, kiwanda chetu hakikumfukuza mtu. Tulipunguziwa siku za kazi. Hati yangu ya malipo ya Februari inaonyesha saa 208. Ya Mei inaonyesha saa 58. Nimezitunza zote mbili. Kila nilipowasikia watu wakitaja idadi ya waliokosa ajira mwaka ule, nilijiuliza sisi tuliandikwa wapi.

Mwalimu wa somo hili amenijibu. Kwa kanuni za takwimu, mtu aliyefanya kazi ya malipo hata saa moja katika wiki ya utafiti huhesabiwa kuwa ana ajira. Na aliyepoteza kazi kabisa, lakini hatafuti nyingine kwa kuwa kila mahali pamefungwa au ana mgonjwa wa kuuguza, haingii kwenye hesabu ya wasio na ajira. Anawekwa nje ya nguvukazi, yaani nje ya kundi la wenye kazi na wanaoitafuta. Kisha akaleta makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO): mwaka 2020 dunia ilipoteza asilimia 8.8 ya saa za kazi, sawa na ajira milioni 255 za wiki ya saa 48. Watu walioacha kuwa na ajira walikuwa milioni 114. Kati yao milioni 33 tu ndio waliohesabika kama wasio na ajira. Milioni 81 walitoka kwenye nguvukazi. Karibu nusu ya saa zote zilizopotea zilikuwa za watu kama mimi, ambao kwenye karatasi bado tuna kazi. Nilisimamisha video pale nikaenda kuzitoa hati zangu kabatini.

Somo la nne, la sekta isiyo rasmi, nalo ni zuri. Watu kama bilioni mbili duniani hufanya kazi bila mkataba wala bima, na mchuuzi au kibarua hana mahali pa kuandikishwa ili apewe fidia. Maelezo ya India yameniumiza: amri ya kufunga nchi ilitangazwa usiku wa tarehe 24 Machi 2020, saa nne tu kabla ya kuanza kutumika, na vibarua wakaanza safari za mamia ya kilomita kwa miguu kurudi makwao. Somo la tano linaelezea Togo, ambako mwezi Aprili mwaka huohuo mpango wa Novissi uliwatumia fedha kwa simu wafanyakazi wasio rasmi. Walijiandikisha kwa kubonyeza namba fupi, hata kwa simu ya kitochi, wakitumia kitambulisho cha mpiga kura, na wanawake walilipwa zaidi ya wanaume. Hapo ningependa somo refu zaidi, kwa sababu mtu asiye na simu wala kitambulisho ametajwa kwa sentensi moja tu.

La kwanza na la pili ni utangulizi. Ukiwa na haraka yapite.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya somo la sita. Linazungumzia kazi za kufanyia nyumbani kwa kompyuta kana kwamba kola ya shati inaweza kushonwa kwa intaneti. Wala haligusi kabisa jinsi watu walivyorudishwa kazini. Oda ziliporudi, wengi wetu tuliitwa kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, na miaka tuliyokuwa tumeitumikia ikafutwa. Jeraha hilo lingali bichi, na kozi inayojiita ya soko la ajira ilipaswa kulifikia.

Upande wa matumizi: video zinakula bando sana na hakuna njia ya kupakua sauti peke yake. Jaribio la somo la nne lilinikatikia mara mbili, nikaanza upya. Maandishi ya kila somo, hata hivyo, yanapakuliwa bila shida, na lugha yake ni nyepesi.

Ya somo la tatu ni kurasa nne. Nimeyachapisha na kumkabidhi mwakilishi wetu wa wafanyakazi, pamoja na nakala za hati zangu za Februari na Mei. Kikao na mwajiri ni Alhamisi.