"Dada, umekuja kupanda au kukagua?"

Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo lililonikalisha kuandika. Niliambiwa hivyo Paje, pwani ya Unguja, mbele ya mtoto wa kaka yangu, na mtu ambaye dakika tano nyuma alizipokea pesa zangu kwa mikono miwili na bashasha tele. Jina la mahali hapo wanapopandisha wageni farasi sitaliandika. Bei zao na saa zao wameziweka wenyewe, anayezitaka atazikuta. Mimi nina habari ya mkanda mmoja tu, mkanda wa tumbo la farasi, na kilichokuwa chini yake.

Kusi ndiyo kwanza imeanza kuvuma, siku za bamvua. Mtoto alikuwa amefaulu mtihani wake na alikuwa ameniganda tangu Ramadhani: shangazi, farasi, shangazi, farasi. Ana miaka 11. Mimi mwenyewe nilikuwa sijapata kupanda farasi hata siku moja, lakini nimekua nyuma ya punda. Babu yangu alikuwa na gari la punda Fuoni, akichukua mchanga na matofali, na kila alfajiri kabla hajamfunga alikuwa akimpapasa mwili mzima kwa kiganja, kuanzia shingoni mpaka chini ya tumbo, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano ndani ya godoro. Akikuta pamevimba au pana moto, siku hiyo gari halitoki na nyumbani tunakula kilichopo. Bibi akinung'unika, babu anamwambia huyu hana mdomo, mdomo wake ni mkono wangu.

Tulifika mapema kama tulivyoagizwa. Hilo walilipanga sawasawa na nawapa haki yao. Asubuhi ile maji yalikuwa yametoka, mchanga umeshikana, jua bado halijawa kali. Farasi ukimpitisha kwenye mchanga mkavu wa juu, ule unaozamisha mguu, mishipa ya miguu inavutika mpaka inaumia. Ukimtoa saa saba mchana kwenye fukuto letu hili, jasho halikauki, joto linabaki humo humo mwilini. Kwa hiyo nilianza nao vizuri. Banda lina kivuli, ndoo za maji zimejaa, wanyama hawakuwa na mbavu za kuhesabika.

Na palikuwa na kijana mmoja, babu angemwita saisi, yaani mtunza farasi. Ningekuwa naandika habari zake peke yake, hapa mngesoma sifa tupu. Alikuwa akisafisha kwato. Anasimama ubavuni, hasimami nyuma, anateremsha mkono polepole juu ya mguu mpaka farasi mwenyewe anaunyanyua, halafu anachokoa kwa kijichuma, akitoka kisiginoni kuja mbele, akiikwepa ile sehemu laini ya pembetatu iliyopo katikati ya ukwato. Katika mguu wa nyuma wa farasi niliyepangiwa alitoa kipande cha tumbawe kama punje ya karanga. Akampa mtoto: "Hiki kingebaki, angechechemea mpaka Bwejuu." Mtoto akakitia mfukoni na anacho hadi leo.

Ndipo akaja msimamizi na tandiko.

Alilitupa mgongoni, akaupitisha mkanda chini ya tumbo, akaukaza kwa mkupuo mmoja. Farasi akalaza masikio, akageuza shingo, akang'ata hewa kuelekea ubavu wake wa kushoto. Msimamizi akamsukuma uso kwa kiwiko na kuendelea na kazi. Mimi ile ishara naijua. Punda wa babu alikuwa akifanya vile vile siku kamba ilipomchubua. Na mkanda ule haukazwi namna ile. Farasi wengi wakiona mkanda hujaza tumbo, kwa hiyo unafunga kidogo, unangoja atoe pumzi, unaongeza tundu, unamtembeza hatua chache, unaongeza tena. Unapitisha vidole kuhakikisha ngozi haikukunjamana, unamvuta miguu ya mbele mmoja mmoja ili ngozi ya nyuma ya kiwiko inyooke. Mengine katika haya nilikuwa nayo kutoka kwa punda, mengine nimeelezwa baadaye na daktari wa mifugo niliyemwendea kwa hasira zangu. Lakini siku ile ile, kwa macho yangu tu, nilijua kuwa pale pana kitu.

Nikasema kwa adabu: "Kaka, samahani, hebu ulegeze kidogo tumtizame hapo chini. Naona kama panamuuma."

"Dada, umekuja kupanda au kukagua?"

Watu wakacheka. Nami nikanyamaza, na hapo ndipo panaponichoma kuliko pote. Wageni wamenigeukia, mtoto ananitizama usoni, pesa nimeshatoa. Nikajiambia huenda mie sijui, punda si farasi. Nikapanda.

Sitasema uongo, ilikuwa raha ambayo sijapata kuionja. Tulielekea Bwejuu, bahari imekwenda mbali, kina mama wa mwani wameinama kwenye vigingi vyao, mmoja akanipungia mkono na kunipigia kigelegele. Farasi alikwenda telki, laini, masikio yanacheza mbele na nyuma kama anayasikiliza maji. Mtoto alikuwa nyuma yangu, farasi wake ameshikwa kamba na saisi, na alikuwa kimya kabisa, mtoto ambaye huzungumza hata usingizini. Wakati wa kurudi tuliingia majini kufikia magoti ya farasi. Nilimpapasa shingo, nikamwambia ahsante kwa sauti. Ungeniuliza dakika ile ningewapa nyota zote zilizoko mbinguni. Na mnyama alikuwa akinichukua hivyo huku ananivumilia.

Maana tuliporudi saisi alifungua mkanda, nao haukutoka. Ulikuwa umeganda. Akaulowesha maji, akauvuta polepole, na upande wa kushoto, nyuma ya kiwiko, palikuwa na kidonda kama kiganja cha mtoto mchanga. Hakikuwa cha siku ile. Kingo zake zilikwisha kuwa ngumu na hazina manyoya, katikati nyama mbichi, na juu yake mchanga. Juu mgongoni, pale shingo inapoishia, palikuwa na mabaka ya manyoya meupe kwenye mwili wa kahawia. Nikauliza, kumbe manyoya huota meupe mahali ambapo tandiko lilipata kuumiza zamani. Kwa hiyo huyu hakuwa ameumia mara moja.

Saisi akaniambia kwa sauti ya chini: "Dada, nimesema. Nimesema mara nyingi." Akanieleza ilivyokuwa. Mchana farasi huingizwa baharini na wageni kwa ajili ya picha. Wakitoka wanatakiwa waoshwe kwa maji matamu, mwili mzima, hasa chini ya tumbo na mahali pa tandiko. Lakini maji siku nyingine hayatoshi, wakipewa ya kunywa yamekwisha, basi chumvi inakaukia mwilini pamoja na mchanga. Asubuhi mkanda unawekwa juu yake na mtu anakaa. Ni msasa ule! Kila hatua unasugua. (Ameniridhia niyaandike haya. Naomba Mungu asije akapoteza kazi kwa sababu yangu, maana yeye akiondoka wale wanyama hawana mtu.)

Nilimfuata msimamizi. Akasema ni mchubuko tu, farasi ana ngozi ngumu. Ngozi ngumu! Mnyama ambaye inzi mmoja akimtua ubavuni anaitikisa ngozi pale pale alipotua! Nilipandisha sauti, sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilimuuliza kama chuoni kwao, chuo cha Kurani, hawakusomeshwa kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Alinyamaza kidogo. Halafu akanitolea nusu ya pesa. Nikakataa, nikamwambia mimi nataka huyu farasi asiwekewe tandiko mpaka kidonda kifunge na manyoya yaanze kurudi, na kioshwe kila siku kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa. Akasema sawa dada, sawa dada, huku macho yapo kwenye simu.

Njia nzima kwenye daladala nilikuwa nawaza maneno ya babu, kwamba nchi hii farasi hadumu. Wakati wake alikuwa na haki ya kusema. Unguja ilikuwa na mbung'o, na ugonjwa unaoletwa na mbung'o humuua farasi upesi. Mbung'o hao waliondolewa kwa kazi kubwa: madume walifugwa Tanga, wakatasishwa kwa mionzi, wakarushwa kwa ndege juu ya kisiwa wiki baada ya wiki, mpaka mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o. Ndege zimeruka, wataalamu wamehangaika miaka, kisiwa kikawa mahali ambapo farasi anaweza kuishi, na leo tunamtesa kwa mkanda na ndoo moja ya maji matamu aliyonyimwa.

Nilipofika mjini nilikwisha kuandika kichwani: msiende, asiende mtu. Kisha nikamkumbuka saisi aliponiambia kuwa masika iliyopita, wageni walipokatika, majani makavu yalipunguzwa. Farasi wa kilo 400 anataka kiasi cha kilo 8 za majani makavu kwa siku, na kila siku, awe amefanya kazi au hakufanya. Anakunywa lita 25 na zaidi, kwenye joto hili zaidi sana. Sisi tukikaa nyumbani na usafi wa nafsi zetu, hayo nani atayanunua? Kwa hiyo nendeni. Lakini kabla hujapanda peleka mkono wako chini ya mkanda. Omba tandiko liondolewe uone mgongo. Bana ngozi ya shingo yake kwa vidole viwili uachie: ikichelewa kurudi, huyo ana kiu, hatakiwi kutoka. Na mwili wako uupime kwanza, maana mzigo wote pamoja na tandiko usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi. Siku ile mgeni mmoja mwenye mwili wake alipandishwa kwenye farasi mdogo kuliko wote, hakuna aliyemuuliza kilo, na mimi nimo pale nimenyamaza kwa sababu nimeshachekwa mara moja.

Hapana. Nikifika hapo kwenye kuchekwa nafuta. Msiende. Mahali ambapo mteja akiuliza hali ya mnyama anafanywa kichekesho, kidonda cha leo kitakuwa na wenzake. Mkanda ulio laini unanunuliwa, maji yanapatikana kwa kuamua kuingiza wageni wachache, saisi mzuri wanaye tayari. Kilichokosekana pale ni mtu mmoja mkubwa kukubali kulegeza mkanda na kutizama, kazi ya dakika moja.

Lakini vile vile siwezi kusema yule msimamizi ni mtu mbaya, na hili linanisumbua. Tulipokuwa tunaondoka nilimwona ameinama pale ubavuni, peke yake, amekitizama kile kidonda. Alikaa hivyo kitambo. Kama alikuwa anakiona kwa mara ya kwanza au anangoja niondoke, hilo linabaki kwake na Mola wake.

Mtoto hajanililia tena farasi. Juzi usiku aliniuliza, "Shangazi, alikuwa anaumwa wakati wote tuliokuwa juu?" Nikamwambia ndiyo. Ameuliza mara moja tu.

Nimewapa nyota moja, nayo ni ya saisi. Nilichukua namba yake, na baada ya siku kadhaa nikamuulizia. Simu ikajibiwa na msimamizi, akaniambia kijana yuko banda la pili, lakini nisiwe na wasiwasi, farasi anapumzika, ngoja nitakutumia picha. Ikaja kweli. Farasi amesimama chini ya mnazi, mgongo mtupu, hana tandiko, manyoya yanang'aa. Nikafurahi, nikampelekea kaka yangu, nikataka kuja kubadilisha haya yote niliyoandika.

Kaka ndiye aliyeniambia niitizame tena. Picha imepigwa upande wa kulia.