Mbegu ya ndama jike: kabla hujalipa, chungulia mtungi

Mwaka jana nilinunua stroo (vile vimirija vyembamba vya mbegu iliyogandishwa) mbili za mbegu ya ndama jike, ile iliyochaguliwa ili ng'ombe azae jike na watu wanaita seksed, kila moja shilingi 6,500, na sikupata jike, sikupata dume, sikupata kitu. Mtamba wangu hapa Mutuini, Nairobi, alipandishwa, nikahesabu siku kwa kalenda ya jikoni, siku ya 20 usiku akaanza kulia na kupanda wenzake, yaani amerudia joto, hajashika. Daktari wa A.I., yule anayepandisha kwa mbegu ya mtungi badala ya dume, akarudi na stroo ya pili. Wiki tatu tena, kelele tena. Nikaambiwa mtamba hana madini, nikanunua madini. Nikaambiwa labda kizazi kina shida, nikamwita daktari mwingine ampime, akaniambia huyu ng'ombe yuko sawa kabisa mama, usimlaumu.

Mara ya tatu nikasimama karibu kabisa na daktari yule wa kwanza akifungua mtungi wake. Mtungi ulio na naitrojeni, yale maji ya baridi kali yanayohifadhi mbegu, ukifunguliwa unatoa ukungu mweupe unaomwagika pembeni. Huu ulikuwa kimya. Nikasema daktari naomba tutumbukize rula ya mbao. "Mama hiyo iko sawa, nilijaza juzi." Tukaitumbukiza, tukaitoa, tukaipunga hewani kidogo, na ile barafu nyeupe inayoonyesha naitrojeni imefika wapi ilikuwa kidole kimoja. Kidole kimoja! Yaani nilikuwa nimelipa 13,000 nipandishiwe mbegu iliyokufa njiani. Nilipoeleza kwenye kikundi chetu cha wafugaji, siku hiyo hiyo watu wanne wakaniambia ng'ombe wao walirudia joto hivyo hivyo na hakuna aliyewahi kuangalia mtungi.

Kwa hivyo hapa sitaongea kuhusu maziwa ya mama wa dume, kiwele, urefu wa miguu na hayo yote, katalogi ziko na picha nzuri, soma mwenyewe. Mimi nataka uelewe kwa nini mbegu hii ni dhaifu kuliko ya kawaida, kwa sababu muuzaji hatakuambia.

Mbegu inayozaa jike ina DNA zaidi ya ile ya dume kwa karibu asilimia 4 tu. Mashine inazipaka rangi, inazipitisha mbele ya leza moja moja, inazitenganisha. Ni kazi ya polepole na inazichosha, ndiyo maana stroo ya kawaida huwa na mbegu kama milioni 15 hadi 20 lakini hii ya jike kwa miaka mingi imekuwa na milioni 2 pekee. Sasa piga hesabu. Stroo ya kawaida ikipata joto kidogo ikapoteza nusu, bado kuna jeshi. Yako ya milioni 2 ikipoteza nusu umebaki na nini? Halafu naitrojeni inakaa nyuzi 196 chini ya sifuri, na stroo ikishapata joto hata ukiirudisha kwenye baridi haiponi, inaganda tena ikiwa imekufa na kwa macho huwezi kujua. Hata mtungi ukiwa umejaa, mtu akiinua kikopo kinachobeba stroo mpaka shingoni mwa mtungi akaanza kusoma majina ya madume taratibu huku anaongea na simu, stroo zote zilizo ndani ya hicho kikopo zinaumia, zako na za jirani.

Sasa ipi ununue.

Namba moja kwangu ni ya kampuni ya World Wide Sires, lakini ile iliyoandikwa 4M, na nasema wazi kwamba napendelea hii. 4M ni milioni 4, maradufu ya zile za zamani, na ukishaelewa shida ya mtungi utaona hiyo nafasi ya ziada ndiyo unayolipia. Mtamba wangu yule yule alishika kwa stroo ya kwanza ya 4M, na wengine wawili baada yake. Usikubali kuambiwa "ni ile ile tu", isome mwenyewe kwenye stroo.

Namba mbili ni Sexcel ya kampuni ya ABS. Hawa njia yao ni tofauti, hawazivuti mbegu upande huu na ule, leza inaziua za dume na kuziacha za jike zipite, kwa hivyo hazisukumwi sana. Madume yao ni mazuri na jirani yangu wa Waithaka hatumii nyingine. Mimi bado nakaa na 4M kwa sababu ndiyo iliyonifuta machozi, lakini ukipata Sexcel kwa mtu mwenye mtungi uliojaa na 4M kwa mtu mwenye mtungi mkavu, chukua Sexcel bila kufikiria.

Namba tatu ni hizi nyingine zote za jike kutoka nje, za milioni 2. Sizikatai, ila zipe mitamba peke yake, na zipandishwe na mtu unayemwamini kabisa.

Mbegu ya kawaida kutoka KAGRC, kile kituo cha serikali cha mbegu za mifugo pale Kabete, haifiki hata robo ya bei na kwa ng'ombe mzee anayesumbua kushika inatosha. Hiyo "seksed ya ofa" unayoletewa bila kuonyeshwa stroo, achana nayo.

Ukishachagua, kazi ndiyo inaanza. Mpigie daktari simu kabla ng'ombe hajaingia joto umuulize anajaza naitrojeni siku gani, na akikasirika tafuta mwingine, kuna wengi wenye leseni ya bodi ya madaktari wa mifugo na hawaogopi swali. Akifika angalia shingo ya mtungi kwa nje, ukiona barafu imejikusanya hapo huo mtungi umeharibika, unavuja baridi. Tumbukiza kijiti cha mbao, usitumie bomba lenye tundu maana naitrojeni itakurukia, na weka uso mbali. Akitoa stroo iingie maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde kama 45, na awe na kipima joto, sio kidole. Sio kwapani na sio mfukoni, nimeona kwa macho yangu. Muda nao: mbegu hii haiishi sana tumboni, kwa hivyo usiwahi, saa 16 hadi 24 tangu joto lianze ndiyo vizuri, maana yake ukimwona alfajiri ya leo mwite usiku au alfajiri ya kesho. Akimaliza baki na stroo tupu, iko na namba ya dume na herufi za aina ya ng'ombe, HO ni Friesian, JE Jersey, AY Ayrshire. Na ujue hata ukifanya yote hayo, kwa ndama kumi mmoja bado anaweza kuwa dume.

Bei sasa. Hii inaniuma. Dola ilipogonga shilingi 160 mwanzoni mwa 2024 tuliambiwa mbegu imepanda kwa sababu ya dola, tukanyamaza, ni kweli inatoka nje. Mwaka huo huo dola ikashuka mpaka kama 129 na ikakaa hapo. Mbegu haikushuka hata shilingi mia. Nikamuuliza muuzaji wangu akasema hiyo ni stoki ya zamani. Miezi sita baadaye bado ni stoki ya zamani! Na ng'ombe akirudia joto unalipa upya, stroo upya, mafuta ya boda upya, hata kama kosa lilikuwa la mtungi wake. Mama anayeuza lita nane kwa siku hapa Dagoretti anabeba hasara yote peke yake, na dume akizaliwa anakunywa maziwa yale yale ya kuuza halafu broka anamchukua kwa bei ya kutupa.

Mimi sasa nalipa kwa masharti na madaktari wa A.I. wanajua: nusu mbegu ikiingia, nusu siku 21 zikipita bila kelele, na rula naitumbukiza mimi mwenyewe. Wawili walikataa. Wa tatu alikubali, anajaza kila Jumatatu, na ndiye aliyempandisha huyu mtamba anayezaa mwezi ujao.