Uzoefu wangu: miaka minne katika gimnazia ya Brno, na jinsi ambavyo ningeichagua leo

Nilimaliza gimnazia moja ya umma mjini Brno mwaka 2023, na tangu hapo kila familia ya Waswahili inayohamia Ucheki ikiwa na mtoto wa darasa la tano au la tisa humpigia mama yangu, naye hunikabidhi simu akisema, "Waeleze wewe uliyepita huko." Nimeona heri niyaandike mara moja. Shule yenyewe sitaitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema si sifa, na wengi wa walimu walionifundisha bado wako pale.

Nianze na jina, maana shangazi yangu wa Tanga aliamini kwa mwaka mzima kwamba ninasomea kunyanyua vyuma. Gimnazia ni sekondari ya kitaaluma inayomwandaa mwanafunzi kwa chuo kikuu, na haimpi ujuzi wa kazi yoyote. Anayetaka kutoka shuleni akiwa mhasibu, msaidizi wa wauguzi au fundi wa umeme ana shule zake za ufundi, na nyingi kati ya hizo nazo huishia kwenye maturita, yaani mtihani wa kumaliza sekondari ambao bila huo chuo kikuu hakimpokei mtu. Kwa hiyo mzazi asimsukume mtoto gimnazia kwa kudhani kwamba shule nyingine zote ni njia zilizozibwa. Darasani kwetu walikuwapo watoto watatu au wanne ambao mikono yao ilikuwa na akili kuliko kalamu zao, na walipoteza miaka minne wakiandika mambo ambayo hayakuwahi kuwagusa.

Mtoto anaweza kuingia baada ya darasa la tano akasoma miaka minane, baada ya darasa la saba akasoma miaka sita, au baada ya darasa la tisa, mwisho wa shule ya msingi, akasoma miaka minne. Mimi niliingia kwa njia ya mwisho. Nilifika Brno nikiwa na umri wa miaka tisa bila neno la Kicheki zaidi ya salamu, na mama alikataa kabisa kunipeleka kwenye mtihani wa darasa la tano, ingawa majirani walimwambia kwamba watoto wote wenye akili huondoka wakati huo. Ninamshukuru hadi leo. Mtoto anayejifunza lugha ya pili anahitaji miaka hiyo ya kucheza na kugombana kwa Kicheki katika shule ya mtaani kwake, na mlango wa darasa la tisa humsubiri bila kinyongo.

Mtihani wa kuingia ni mmoja kwa nchi nzima na hutungwa na taasisi ya serikali iitwayo CERMAT. Mtahiniwa hufanya hisabati kwa dakika 70 na Kicheki kwa dakika 60, kila somo likiwa na alama 50, na kwa kawaida anaruhusiwa kujaribu mara mbili mwezi Aprili ili matokeo bora ndiyo yahesabiwe. Katika gimnazia za kawaida matokeo hayo hubeba angalau asilimia 60 ya tathmini, na zinazobaki shule hujaza kwa vigezo vyake, mara nyingi ripoti za shule ya msingi na nafasi katika mashindano ya masomo. Mtoto aliyesoma nje ya Ucheki anaweza kuomba asifanye karatasi ya Kicheki, na shule humpima lugha kwa mahojiano. Mimi nilikwisha kusoma huku miaka sita, hivyo Aprili 2019 niliketi kama Wacheki wenzangu na nikahangaika na viambishi vya maneno ambavyo hata mama wa rafiki yangu, Mcheki wa kuzaliwa, hakuweza kuvitenganisha.

Kosa langu lilikuwa katika kuchagua. Nilitazama alama za mtu wa mwisho aliyepokelewa mwaka uliotangulia, nikaamini kwamba shule ngumu kuingia ndiyo shule nzuri kusoma. Siku ya milango wazi, ambayo shule nyingi huifanya kati ya Novemba na Januari, nilionyeshwa maabara, nikapewa chai na keki, nikasikia idadi ya wahitimu walioingia vyuo vikuu, nikarudi nyumbani nimeridhika. Sikuuliza hata swali moja. Laiti ningeuliza, ningegundua kwamba takwimu ya wahitimu inamhusu aliyefika mwisho tu, wala haisemi lolote kuhusu aliyejikwaa njiani.

Nilijikwaa mapema. Ucheki alama ya juu ni 1 na ya kufeli ni 5, jambo lililomfanya bibi yangu anipe pole niliposema nimepata moja ya hisabati katika shule ya msingi. Januari 2020, katika ripoti yangu ya kwanza ya gimnazia, nilipata 4 ya hisabati. Mwalimu hakunionya wala hakunisaidia. Alisema tu, mbele ya darasa, kwamba kila mwaka wapo wanaogundua kuwa wamekosea mlango. Mwezi Machi shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona, na mwaka uliofuata tulisoma kwa kompyuta kuanzia vuli hadi karibu na likizo ya kiangazi. Mwanafunzi dhaifu aliyezima kamera yake hakutafutwa na mtu. Juni 2021 nilipata 5, na kwa kanuni za Ucheki mwenye masomo yasiyozidi mawili aliyofeli mwisho wa mwaka hurudia mtihani kabla Agosti haijaisha. Asipofaulu, hurudia mwaka au huondoka. Aliyeniokoa ni mwalimu wa fizikia, ambaye hakuwa na wajibu wowote kwangu. Alinikuta nikisubiri shalina, kama watu wa Brno wanavyoiita tramu yao, akaniuliza nini kimenipata, kisha akanipa saa mbili kila wiki ya Julai nzima. Nilifaulu. Lakini shule isiyo na utaratibu wowote wa kumwinua aliyeanguka, ikategemea mtu mwema apite kituoni kwa bahati, haistahili kusifiwa kwa ajili ya mtu huyo.

Upande wa pili wa mizani una uzito pia. Tofauti na nyumbani, ambako kijana huingia kidato cha tano akiwa amefungwa katika tahasusi ya masomo matatu, gimnazia humbakiza mwanafunzi na karibu kila kitu kwa muda mrefu: kemia, historia, jiografia, muziki au sanaa, na lugha mbili za kigeni. Nilidhani ni kupoteza muda, hadi miaka miwili ya mwisho ilipofika na tukaruhusiwa kuchagua semina zetu. Hapo nilijua ninachokitaka kwa sababu nilikwisha kuonja vyote. Semina ya jiografia, tukiwa watu tisa mezani, ilikuwa bora kuliko mihadhara mingi ninayohudhuria sasa chuoni. Mzazi na aulize wazi: semina ni ngapi, huanza mwaka gani, na je, hufunguliwa kweli au hubaki kwenye karatasi kila zinapokosa watu wa kutosha?

Ada katika gimnazia za umma haipo, ila vitabu vya sekondari tulijinunulia, na Septemba wanafunzi wa juu huwauzia wa chini kwa bei ya kuelewana. Kambi ya kuteleza kwenye theluji ya mwaka wa kwanza iligharimu elfu kadhaa za korona, pesa ya Ucheki, pamoja na heshima yangu yote. Chakula cha mchana kantini huagizwa kabla, na kwetu kulikuwa na aina mbili. Mwislamu aulize mapema, kwa maana kuna siku ambapo aina zote mbili zilikuwa nyama ya nguruwe na mimi nilishinda kwa supu na mkate. Na umbali msiudharau. Ratiba ina kile wanachokiita somo la sifuri, ambalo huanza kabla ya saa mbili asubuhi, na mtoto anayesafiri dakika 50 atalilipia kwa usingizi wake kila wiki, miaka yote minne.

Maturita yenyewe ilinitisha kuliko ilivyostahili. Tulipewa juma moja bila masomo, ambalo Wacheki huliita juma takatifu, kisha, kwa mtihani wa mdomo wa Kicheki, kila mmoja akaingia mbele ya jopo, akavuta namba ya kitabu kati ya 20 alivyovichagua mwenyewe kutoka orodha ya shule, akajiandaa dakika 20 na kuzungumza dakika 15. Kwa mtindo wao wa alama, shule yangu ningeipa 2 kwa ufundishaji na 4 kwa malezi.

Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya mdogo wangu, na huo ndio mwaka ambao maombi yalihamia kwenye mfumo wa kielektroniki. Sasa mtoto huorodhesha shule hadi tatu kwa mpangilio wa anavyozitaka, mwezi Februari, na mfumo humpeleka katika ile ya juu zaidi kwenye orodha yake ambayo alama zake zinatosha. Shule haimpendelei aliyeiweka ya kwanza, kwa hiyo ujanja wa kuweka shule rahisi juu kwa hofu unamnyima mtoto nafasi bure. Aiweke juu anayoitaka kwa dhati, na chini kabisa ile ambayo ana hakika nayo.

Tulikwenda pamoja siku za milango wazi na kila mahali nikauliza swali moja: mtoto akipata 5 Januari, mnafanya nini? Katika shule ya kwanza, iliyo maarufu zaidi, nilijibiwa kwa tabasamu kwamba watoto wa namna hiyo hawafiki kwao. Katika ya pili mwalimu alituchukua hadi chumba kimoja cha chini chenye ubao uliojaa hesabu, akatuonyesha jedwali la mlangoni: Jumanne na Alhamisi alasiri, wanafunzi wa mwaka wa tatu wakiwafundisha wa mwaka wa kwanza, mwalimu akiwapo. Mdogo wangu aliiweka hiyo juu, na Mei akapokelewa. Januari iliyofuata alileta 4 ya kemia, na mama alipompigia mwalimu wa darasa alikuta jina lake limekwisha kuandikwa kwenye jedwali la Alhamisi.