Nimeifunga, Kumbe Bado Ipo: Tathmini ya Programu ya Ujumbe ya Kompyuta

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia programu moja ya ujumbe na mikutano ya video kwenye kompyuta yenye Windows 11, na karibu kila kitu ndani yake kinaridhisha: sauti husikika vizuri, ujumbe wa zamani hupatikana upesi, na mafaili makubwa hufika bila kukatika. Kasoro yake iko kwenye ile alama ndogo ya X iliyo juu ya dirisha, nayo ni kubwa kiasi cha kunifanya niieleze kwa kirefu kuliko mazuri yote hayo.

Ukiibofya alama hiyo, dirisha hutoweka na aikoni huondoka kwenye upau wa chini, hivyo mtu yeyote ataamini kwamba programu imezimika. Haijazimika. Imehamia kwenye kona, karibu na saa, na kwa kuwa Windows 11 huzificha aikoni nyingi za hapo nyuma ya mshale mdogo, huwezi kuiona mpaka uubofye mshale huo. Niliyajua haya siku niliyokuwa nikiwaonyesha wenzangu ripoti kwenye skrini kubwa: nilikuwa nimeifunga programu dakika chache kabla, kwa makusudi, lakini arifa ikachomoza juu ya ripoti ikiwa na mistari miwili kutoka kwa rafiki aliyekuwa akinieleza habari za ugonjwa wake. Chumba kizima kiliisoma. Siri ile haikuwa yangu, nami nilikuwa nimefanya lile nililodhani lingetosha kuilinda.

Kuendelea kufanya kazi chinichini si kosa lenyewe. Programu ya ujumbe isiyoweza kupokea simu dirisha lake likifungwa ingekuwa na faida ndogo, na niliwahi kulifunga dirisha faili likiwa bado linatumwa, nalo likafika salama. Hata kwenye macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, kufunga dirisha kwa kawaida hakuizimi programu. Ila huko ndiyo desturi ya mfumo, kitone kilicho chini ya aikoni humjulisha mtumiaji kwamba programu bado iko wazi, na kubonyeza Command pamoja na Q huizima. Kwenye Windows, X ya programu moja huizima kabisa na ya nyingine huificha tu, ilhali kitufe chenye kistari kipo tayari kwa ajili ya kuliweka dirisha kando.

Nilipobonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kuona ni programu zipi zinazotumia kompyuta, niliikuta hii niliyokuwa "nimeifunga" ikishikilia zaidi ya megabaiti 400 za kumbukumbu. Kwenye kompyuta yenye gigabaiti 4 tu, mzigo huo utahisika.

Dawa ipo, ingawa imefichwa. Ndani ya mipangilio, chini kabisa ya ukurasa wa kwanza, kuna kisanduku kinachoiruhusu programu iendelee baada ya dirisha kufungwa, nacho huja kikiwa kimeshawekwa alama. Nilipoiondoa alama hiyo, X ikaanza kuizima programu kweli. Watengenezaji wangeweza kumuuliza mtumiaji swali hilo mara ya kwanza tu anapobofya X, kisha wakalikumbuka jibu lake.

Ninaipa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza watakapoliweka swali hilo.