Duka la spea Chake Chake: seti ya raba za kalipa na maneno niliyouziwa nayo

"Mpira ni mpira, bwana. Wee chukua." Ndivyo nilivyojibiwa nilipoomba raba itolewe kwenye pakiti niipime kabla ya kulipa. Kalipa ya pikipiki, ile nyumba ya pistoni inayobana pedi za breki kwenye diski, iko mkononi, vernia ya kupimia milimita iko mfukoni, kazi yenyewe haizidi dakika. Mwenye duka akaniambia pale si maabara. Jina la duka silitaji. Wanaotafuta spea za pikipiki Chake watalijua kwa ulimi wa mwenyewe.

Nikalipa, nikaifungua pale pale barazani, nikaipima. Raba ya pistoni ya milimita 27. Kalipa yangu ni ya 25.4. Kurudisha? "Ikishafunguliwa hairudi." Sasa bila kuifungua ningeipima vipi? Pakiti ina majina ya pikipiki lukuki na haina kipimo hata kimoja.

Mtu atasema milimita moja na ushei ni kitu gani. Basi asikilize. Raba ya ndani ya kalipa haikuwekwa kuzuia oili ya breki isivuje tu. Ukiikata utaona ni ya pembe nne, imekaa ndani ya mfereji wake, na unapobana breki inajipinda kidogo ikiifuata pistoni. Ukiachia, inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma. Kalipa haina springi ya kurudisha pistoni. Springi ni hiyo raba. Raba ya 27 ina mzunguko uliozidi kwa milimita 5 hivi. Ukiilazimisha kwenye mfereji wa 25.4 itaingia, lakini itakunjana upande mmoja, na hapo pistoni inabanwa, hairudi. Pedi zinabaki zimegusa diski, diski inapata moto, moto unafika kwenye oili. Mteremko wa kwanza wenye magunia mawili ya karafuu nyuma utakupa jibu.

Kwa hiyo pima, hata ukichukiwa. Pima kipenyo cha pistoni kwa nje, kisha upana na kina cha mfereji. Raba ni mbili: nene ya ndani inazuia oili, nyembamba ya nje inazuia vumbi, wala hazibadilishani nafasi. Kabla ya kuilaumu raba yoyote, tazama mfereji wenyewe. Kwetu visiwani chumvi inaila aluminiamu ikatoa unga mweupe unaoganda chini ya raba na kuisukuma ndani, na raba mpya ikivishwa juu ya unga huo pistoni itakwama vile vile. Kwangua kwa kijiti kigumu au waya wa shaba nyeupe uliopindwa. Bisibisi itachora mfereji na oili itapita humo. Pistoni nayo, kama kromu imeshatoboka pale raba inapopita, usihangaike na msasa. Tafuta nyingine.

Na usimpe fundi aliyekaa nje ya duka lile akuoshee. Anaosha kila kitu kwa petroli, raba zikiwemo! Raba za breki zinazotumia oili ya DOT 3 na DOT 4, ndiyo madaraja ya oili ya breki, hazipatani na petroli, dizeli wala girisi ya kawaida: zinavimba, zinalainika, na kipimo ulichokihangaikia kinapotea. Oshea spiriti au oili yenyewe ya breki, na pakaza oili hiyo hiyo wakati wa kuvisha.

Oili sasa. Wallahi hili ndilo lililonimaliza. Nimeomba DOT 4, nikapimiwa kutoka kwenye kopo lililo wazi, ikatiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Wakati wa masika! Oili hii inavuta maji kutoka hewani. Ikiwa mpya, DOT 4 haichemki kabla ya nyuzi 230. Ikishanywa maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyea, na mkono wa breki unafika kwenye mpini bila kushika kitu. Nunua kopo dogo lililofungwa na ulifungue mwenyewe.

Haki ya mtu nayo isemwe. Pedi za duka lile ni nzuri, hazilii na hazili diski. Na mzee alipokwenda sala ya adhuhuri, kijana wake aliichukua vernia bila kinyongo, akapekua boksi la chini, akatoa seti ya 25.4 kamili, raba zote mbili. Kwa kijana yule ningesema nendeni, duka zuri.

Mzee akarudi. Akanitoza seti ya pili bei kamili, ya kwanza ikabaki mali yangu, kisha akanishawishi nibadilishe na masta silinda, ile pampu ya oili iliyo kwenye mkono wa breki: "Hii kubwa, itabana zaidi." Ya kwangu imepigwa chapa 1/2, yaani nusu inchi, milimita 12.7, yake ilikuwa ya 14. Ni kinyume chake! Kwa nguvu ile ile ya vidole, masta ya 14 inatoa presha pungufu kwa asilimia 18 hivi. Mkono wa breki unakuwa mgumu, safari yake inafupika, mwenye pikipiki anafurahi kuwa breki imekaza, kumbe imepungua. Mtu anauza hivi kwa vijana wa bodaboda kila siku.

Kwa hiyo msiende. Ila ukikosa hapo utasubiri meli kutoka Unguja, basi nendeni, lakini mida ya adhuhuri, na vernia zenu. Bolti ya hosi ijaribuni kwa vidole kwanza: kuna M10, yaani ya unene wa milimita 10, ambayo uzi na uzi umeachana milimita 1.25, na nyingine milimita 1.0, zote zinaanza kuingia, na spana ndiyo inayokuja kuua uzi wa kalipa. Washa, zile pete bapa za kuziba oili, ni mbili kwa kila bolti, mpya. Zile alizonipa mimi zilikuwa tayari na alama ya kubanwa.