TAHADHARI: Anayejitangaza "kuondoa paa la asbesto kwa bei nafuu" Mombasa, msimpe kazi na msinunue mabati yake

Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaoishi katika nyumba za wazee huku Changamwe, Mikindani, Kisauni na kwingineko zilizoezekwa yale mabati mazito ya kijivu tunayoyaita mabati ya simiti, naomba mnisome. Kuna jamaa anajitangaza mtandaoni kwamba anaondoa asbesto, yaani zile nyuzi za madini zilizochanganywa na simiti kwenye mabati hayo, kwa bei ya chini, na kwamba ana leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Leseni si yake. Anavunja paa lako, anakuachia vumbi, kisha anawauzia wengine mabati yaleyale.

Kwetu alikuja mwezi uliopita. Nyumba ni ya marehemu baba, na paa lile halijaguswa tangu mimi ni mtoto. Lilikuwa likivuja mahali pawili tu, juu ya jikoni. Jamaa alianza kwa kututia hofu. Alimwambia mama kwamba maji ya mvua tunayokinga kwenye pipa yatatumaliza kabla ya mwaka kwisha. Mama hakulala usiku ule. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akitutisha kwa jambo lisilo lenyewe: hatari kubwa ya asbesto iko katika kuvuta vumbi lake puani. Bati zima lililotulia mahali pake halitoi vumbi la kukuhamisha nyumba. Linapovunjwa, kukatwa au kutobolewa ndipo balaa linapoanza, na kuvunja ndiyo kazi aliyokuja kuifanya.

Bei yake ilikuwa shilingi 45,000, lakini tukimwachia mabati angepunguza hadi 30,000. Hapo ningepaswa kushtuka, lakini sikushtuka. Anayeondoa asbesto kihalali hana la kufanya na mabati yale ila kuyalipia yakazikwe. Akikupunguzia bei ili ayachukue, jua ana mnunuzi. Nikatuma arbuni ya 15,000 kwa M-Pesa. Jina lililotokea kwenye simu silo lililokuwa kwenye leseni aliyonionyesha. Akasema ni la mke wake, nami nikakubali.

Siku ya kazi walikuja vijana wanne na nyundo na mtaimbo. Hakuna aliyekuwa na barakoa ya maana. Mmoja alijifunga leso puani. Misumari ilikuwa imeshika kutu, basi badala ya kuilegeza wakawa wanalipiga bati lenyewe mpaka lipasuke, na vipande wanavirusha uani. Niliokota kimoja, kosa ambalo sitalirudia. Pale lilipovunjika palikuwa na nyuzinyuzi zimechomoza kama za makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ila nyembamba na laini zaidi. Hizo ni nyuzi zilizoshikana ndiyo maana unaziona. Zile zinazoingia ndani kabisa ya mapafu, jicho halizioni.

Nilipogeuka, mpwa wangu wa miaka sita alikuwa ameshika kipande anachora ukutani kama kwamba ni chaki. Nikapiga kelele, kazi ikasimama. Walikuwa wameshatoa mabati 22. Kijana mmoja akachukua fagio la chelewa akaanza kufagia uani pakavu, vumbi likapanda mpaka dirishani kwa jirani. Wakapakia kenta bila hata turubai, wakaondoka. Kesho yake simu yake haikupatikana tena.

Nikaipeleka nakala ya leseni ikakaguliwe. Ilikuwa ya kampuni nyingine, ya kusafirisha taka za kawaida, na muda wake ulishapita. Leseni ya kusafirisha taka hapa Kenya hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo tazama tarehe kwanza, kisha aina ya taka iliyoandikwa, kisha jina. Asbesto imo katika orodha ya taka za hatari kwenye Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2006, na NEMA ilishatoa mwongozo wa jinsi ya kuiondoa na kuizika. Gari likiondoka na mzigo wa namna hiyo linatakiwa liwe na hati inayoonyesha taka imetoka wapi, nani ameibeba na imepokelewa wapi. Dai nakala ya hati hiyo. Asiye na pa kuyapeleka mabati hatakuwa nayo.

Lililoniuma zaidi ni hili. Mama mmoja wa Mtwapa alinunua mabati sita kwa jamaa huyohuyo, shilingi 400 moja, aezeke banda la kuku. Aliambiwa hayashiki kutu, hayapitishi joto sana, hayaungui. Yote matatu ni kweli, na ndiyo sababu yaliezekwa kwenye majumba, mashule na kwota za wafanyakazi miaka ile. Fundi wake aliyakata kwa msumeno wa umeme huku watoto wamesimama kutazama. Nilipomweleza alikaa chini kwenye kizingiti, akaniuliza kama watoto wataugua. Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kwamba siku moja si sawa na miaka, na kwamba asiyakate tena.

Maana maradhi yenyewe hayaji kesho. Saratani ya mapafu, saratani ya utando unaozunguka mapafu, mapafu kukakamaa mpaka pumzi ikawa shida: mara nyingi huchukua miaka 20, 40 hata zaidi tangu mtu avute vumbi lile. Aina zote za asbesto huleta saratani, nyeupe, ya buluu na ya kahawia, kwa hiyo msidanganywe na wanaosema "hii nyeupe haina neno". Wapo wanawake waliougua kwa kufua tu nguo za kazi za waume zao. Wale vijana wanne walirudi makwao na nguo zilezile.

Kama paa lako ni zima, liache. Usilitoboe kupitisha waya, usilisugue ukungu kwa brashi ya chuma, usilioshe kwa mashine ya maji ya kasi. Usipande juu yake pia, kwa sababu bati kuukuu la simiti hukatika ghafla ukaangukia ndani. Na kwa kulitazama tu huwezi kujua kama lina asbesto au halina; ni maabara inayothibitisha. La zamani lichukulie kwamba linayo.

Likibidi kutolewa, utamjua fundi wa kweli kwa mikono yake. Hulilowesha bati kwanza kwa maji yenye sabuni kidogo, hufungua skrubu au huikata misumari bila kulipasua bati, na hulishusha zima. Wafanyakazi huvaa ovaroli za kutupwa na barakoa za FFP3, zinazochuja vumbi jembamba kabisa, siyo zile za hospitali za bluu. Mabati hufungwa nailoni nzito mara mbili na kuandikwa hatari. Sehemu husafishwa kwa vitambaa vilivyolowa, navyo vinafungwa na kuondoka na mzigo. Ukiona nyundo na fagio kavu, simamisha kazi palepale, hata kama umeshalipa.

Vipande vilivyobaki kwetu tumevilowesha na kuvifunika nailoni, watoto hawakanyagi uani, na tunasubiri kampuni iliyothibitishwa. Inagharimu zaidi ya mara mbili ya tulichotajiwa mwanzo.

Katika mabati 22, sita nayajua yaliko. Kumi na sita sijui. Yana rangi ya kijani iliyofifia upande wa juu na madoa ya masizi upande wa chini, kwa kuwa mengi yalikuwa juu ya jikoni. Kama umeuziwa mabati ya namna hiyo wiki hizi, au umeyaona kwenye banda, kioski au choo cha mtu, tafadhali yasikatwe wala yasivunjwe. Yamwagieni maji, yafunikeni, kisha nitumie ujumbe hapa niwape jina la ofisa anayeshughulikia malalamiko yetu.